Drili ya chaji ipi? Uulize ukuta wako kwanza

Ilikuwa Jumamosi jioni, Tabata, mama mkwe anatarajiwa kesho yake kutoka Tanga, na mimi nimesimama juu ya stuli nikifunga fimbo ya pazia kwa drili mpya ya chaji, ya volti 12. Lipu ya juu ilitoboka kama muhogo wa kuchemsha. Baada ya hapo biti ikaanza kulia. Nikasukuma, ikalia zaidi, vumbi halitoki, ncha ikageuka rangi ya samawati kwa moto. Jirani yangu, fundi alminiamu, alikuwa anapita kwenye korido akausikia ule mlio. "Kaka, hapo umekutana na lenta," akasema. "Utasukuma mpaka Idi." Akaenda kwake, akarudi na mashine ya waya nene kama mguu wa mbuzi. Sekunde kumi, tundu likawa tayari.

Drili yangu haikuwa mbovu. Hiyohiyo imeshafunga kabati mbili, kitanda cha mtoto na vitasa vya milango mitatu bila kulalamika. Nilikuwa nimeipa kazi isiyo yake. Tangu siku hiyo kila mtu akiniuliza anunue ipi, nami humuuliza kwanza unataka kutoboa nini.

Mashine nne zinazochanganywa

Nenda Kariakoo useme "nataka drili ya chaji." Muuzaji atakuwekea mezani mashine tatu zinazofanana sura, na ya nne, ya waya, ataitaja akiona uso wako umebadilika baada ya kusikia bei.

Ya kwanza ni drili ndogo ya volti 12: inatoboa, inafunga na kufungua skrubu, basi. Ya pili ni drili ya volti 18 yenye nyundo ndani yake. Utaitambua kwa alama ya nyundo iliyochorwa kwenye pete karibu na mdomo. Ya tatu ni impakti. Hii ni fupi, na badala ya mdomo unaobana biti ya duara ina tundu la pembe sita la robo inchi. Ya nne ni drili ya waya yenye nyundo, mara nyingi ya wati 500 mpaka 850 hivi.

Mashine ya jirani yangu ilikuwa ya tano, ile ambayo biti zake zina mkia wenye mifereji na huchomekwa bila kukazwa, mafundi wanaiita SDS. Siishindanishi hapa kwa sababu watu wengi hawahitaji kuinunua, ila nitaitaja pale ambapo hizi nne zinashindwa.

Tunapima kwa nini

Nimezipima kwa mambo sita: ukuta, mbao na chuma, skrubu, umeme na betri, mkono, na mfuko. Volti sikuziweka kwenye orodha, na sababu yake ni hii.

Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6. Zikipangwa tatu zinatoa 10.8, zikijaa chaji zinafika 12 na ushei, ndiyo hiyo "12" ya kwenye boksi. Zikipangwa tano zinatoa 18, na zikijaa kabisa zinafika 21. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 18, iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 21 zina betri ya aina moja. Kilichotofautiana ni saa aliyochagua mwandishi wa boksi kuipima. Halafu zipo zile zisizo na jina la maana, zimeandikwa 48 au 88 kwa herufi nyekundu. Fungua betri yake uhesabu: mara nyingi utakuta seli tano zilezile.

Ukutani

Hapa ndipo Dar es Salaam inapoamua. Nyumba zetu nyingi ni za tofali la mchanga na saruji, zikapigwa lipu, na juu ya madirisha na milango hupita lenta: zege lenye nondo ndani. Sasa fikiria unapotaka kufunga fimbo ya pazia. Ni pale pale. Ndiyo maana mtu anaweza kutoboa ukuta mzima wa sebule kwa raha, akafika dirishani akaona mashine imekufa.

Drili ya volti 12 inaweza tofali la kawaida kama biti ni ya ukuta, yaani yenye kipande kigumu kilichounganishwa kwenye ncha, na kama tundu ni la milimita 6 au chini. Itaenda taratibu. Kwenye lenta usiisumbue. Zipo za volti 12 zenye nyundo pia, lakini nyundo hiyo ni ya kukusaidia kwenye tofali. Zege bado litaishinda.

Drili ya volti 18 yenye nyundo inapita tofali bila mjadala, na kwenye lenta itakupa matundu machache ya milimita 6 ukiwa mvumilivu: toboa kidogo, vuta biti nje itoe vumbi, rudi. Nyundo yake ni visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana, kwa hiyo nguvu ya pigo inatokana na bega lako. Usiposukuma, haipigi. Kama unahitaji matundu ishirini ya lenta kwa siku, utachoka kabla yake, au mtachoka pamoja.

Drili ya waya ina nyundo ya aina hiyohiyo, ila haichoki. Tundu la kumi linatoka kama la kwanza. Kwa ukuta peke yake, hii inazishinda zote tatu za chaji kwa kila shilingi uliyotoa.

Impakti wengi wanaielewa vibaya kwa sababu ya jina na kelele zake. Inapiga kweli, tena kwa fujo, lakini mapigo yake ni ya kuzungusha, kama mtu anayegonga mkono wa spana ili nati iachie. Hayaendi mbele. Ukutani haina msaada, na muuzaji anayekuambia "hii inapiga nyundo" hajakudanganya sana, amekuacha tu ujidanganye.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye maelezo ya boksi: nyundo siyo nzuri kila mahali. Wafyatuaji wengine wa tofali huvuta mfuko mmoja wa saruji mpaka unakaribia kulia, na tofali lake linabomoka kwa kucha. Ukiwasha nyundo hapo, tundu la milimita 6 linakuwa 9 na fisha, kile kijiplastiki kinachoshika skrubu ukutani, inacheza ndani kama jino bovu. Kwenye tofali la namna hiyo zima nyundo, anza na biti ndogo ya milimita 5, halafu uone kama fisha inaingia kwa kugongwa. Na kwenye lenta, biti ikigota ghafla na mlio ukabadilika ukawa wa chuma, umegusa nondo. Biti ya ukuta haikati nondo. Hama sentimita mbili au tatu pembeni.

Kabla ya yote hayo angalia swichi na soketi ziko wapi. Bomba za waya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe juu yake wala chini yake kwenye mstari huo.

Mbao, bodi na chuma

Kwenye mbao laini kama paini, na kwenye MDF, ile bodi ya unga wa mbao, zote nne zinafanya kazi na hutaona tofauti mpaka uanze kutoboa matundu makubwa. Kwenye mninga na mkongo tofauti inaonekana. Volti 12 itatoboa mpaka milimita 8 au 10 bila shida, lakini ukiweka msumeno wa duara wa kutobolea nafasi ya kitasa, itagoma katikati. Volti 18 ikiwekwa gia ya kwanza, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, inamaliza. Ya waya nayo inamaliza, ila nyingi hazina gia ya pili, kwa hiyo mwendo unaudhibiti kwa kidole tu. Impakti inatoboa mbao kwa biti zenye mkia wa pembe sita, matundu yake hayapendezi sana, na hilo kwenye kenchi halimkeri mtu.

Chuma kinataka mwendo mdogo na tone la mafuta, na hapo volti 18 na ya waya ndizo zinazokaa sawa. Kwa skwea paipu nyembamba ya mlango wa geti, volti 12 nayo inatosha. Nyundo iwe imezimwa. Nimeona biti mpya ya chuma ikifa ndani ya dakika moja kwa sababu pete ilikuwa imebaki kwenye alama ya nyundo.

Skrubu

Drili za chaji zina pete yenye namba, kwa kawaida kuanzia 1 mpaka 20 au zaidi kidogo. Hiyo ni klachi. Skrubu ikifika kina chake na mzigo ukazidi namba uliyochagua, mashine inaachia, inatoa kelele ya tak-tak-tak, skrubu inasimama. Watu wengi huiacha kwenye alama ya biti, nguvu zote, halafu wanashangaa bawaba za kabati zimelegea. Anza na namba ndogo, 4 au 5, ongeza mpaka kichwa cha skrubu kikae sawa na ubao. Fanya hivyo kwenye kipande cha taka, usifanyie kwenye mlango wa mteja.

Kwa klachi hii, volti 12 ndiyo bingwa wa kazi nyepesi: bawaba, reli za droo, jipsam. Fundi jipsam anayefunga dari anataka skrubu isimame kabla haijachana karatasi ya bodi, na anataka mashine ambayo mkono wake utaibeba juu ya kichwa tangu asubuhi. Volti 18 inafanya hayo pia, kwa uzito zaidi.

Impakti haina klachi ya namna hiyo. Kwenye MDF inaweza kuzamisha skrubu mpaka upande wa pili kabla hujaachia kidole. Lakini mpe fundi bati. Skrubu ndefu zenye kichwa cha pembe sita na mpira, bati la msauzi, mbao za kenchi zilizokauka: impakti inazipeleka moja baada ya nyingine, na kwa sababu nguvu inakuja kwa mapigo mafupi, mkono haupindwi na biti hairuki kwenye kichwa cha skrubu. Impakti nyingi za volti 18 zina nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 150 kwenda juu, wakati drili ya ukubwa huohuo iko karibu na 50 au 60, na ya volti 12 karibu na 30. Tofauti hiyo unaisikia kiwikoni.

Drili ya waya kwa skrubu? Inawezekana, kama unavyoweza kunywa uji kwa upawa. Haina klachi, haiachii, na ukizubaa inakata kichwa cha skrubu.

Umeme na betri

Umeme ukikatika, drili ya waya ni jiwe. Ukiwa saiti isiyo na umeme bado, tuseme kiwanja chako cha Chanika au Kigamboni ndani, utahitaji jenereta. Zile tatu za chaji zinaendelea mpaka betri iishe, na hapo ndipo betri ya pili inapolipa gharama yake. Betri moja ni nusu ya mashine; unafanya kazi nusu saa, unakaa unaiangalia ikichaji.

Ujazo wa betri unaupata kwa kuzidisha volti na saa za ampea. Volti 18 mara 2 ni wati-saa 36. Ya ampea 4 ni 72. Ya volti 12 yenye ampea 2 haifiki 22, maana kiuhalisia ni 10.8. Na kama unaogopa LUKU, usiogope: uniti moja ni wati-saa 1,000, inajaza ile betri ya 36 takriban mara 20 hata ukihesabu kinachopotea kwenye chaja.

Adui wa betri hapa kwetu ni joto. Ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani Posta mchana, unaipunguzia miaka. Chaja nyingi nzuri hukataa kuchaji betri ya moto. Siyo ubovu, iache ipoe kivulini. Ukiiweka bila kuitumia kwa muda mrefu, iwe na chaji nusu, si tupu wala imejaa.

Halafu zawadi za ndugu. Shemeji yangu alipewa seti nzuri kutoka Marekani. Akachomeka chaja ukutani, pu, moshi. Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Soma nyuma ya chaja: kama haijaandikwa 100–240 au 220–240, usiichomeke. Vivyo hivyo mashine za waya za mtumba kutoka Uingereza zenye plagi ya duara ya njano: ni za volti 110, za saiti za huko, zinahitaji transfoma. Anayekubadilishia plagi tu amekuuzia fataki.

Kwenye mtumba pia utakuta drili za chaji nzito za zamani zenye betri za nikeli. Black & Decker walitoa drili yao ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961 kwa betri za namna hiyo, na ziliendelea kutumika kwa miongo. Mashine yenyewe inaweza kuwa imara. Betri yake imekufa, na mpya kuipata ni kazi.

Mkononi

Volti 12 na betri yake ni karibu kilo moja. Impakti ni kilo moja na nusu au chini kidogo, na ufupi wake unaisaidia kuingia ndani ya kabati. Volti 18 yenye nyundo inakaribia kilo mbili ukiiwekea betri kubwa, na ikikwama kwenye mbao ngumu inaweza kukupinda kiganja. Kama imekuja na mkono wa pembeni, uufunge, haukuwekwa kwa urembo. Ya waya uzito wake ni huohuo, ongeza ekstensheni inayokufuata kwenye ngazi na mtoto anayeikanyaga.

Kelele: impakti kwenye nyumba ya kupanga saa mbili usiku itakuvunjia ujirani.

Mfukoni

Kwa nguvu unayoipata, ya waya ndiyo rahisi. Volti 12 inafuata, kisha volti 18 na impakti, hasa zikija na betri mbili na chaja. Ulizia maduka matatu Kariakoo au Gerezani kabla ya kufungua pochi, maana mashine ileile hubadilika bei mtaa kwa mtaa.

Kinachosahaulika ni kwamba betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Ukinunua drili umeoa ukoo mzima. Makita, Bosch, DeWalt, Ingco, Total, kila mmoja ana betri zake, na Bosch wana koo mbili, za bluu za mafundi na za kijani za matumizi ya nyumbani, ambazo betri zake za volti 18 hazibadilishani. Hivyo kabla ya kulipa, uliza betri moja ya ziada inauzwa bei gani na ipo. Muuzaji akisema "itakuja na kontena," ondoka. Uliza pia kama mota ina kaboni, yaani vile vipande vinavyosuguana ndani kupitisha umeme. Yenye kaboni ni rahisi, na kaboni zikiisha fundi anabadilisha. Isiyo na kaboni ni ghali, haipati moto haraka, na betri inadumu zaidi kwa chaji moja.

Za bandia zipo. Njia yangu ni kuibonyeza taratibu sana: mashine ya kweli inaanza polepole na kuongeza mwendo kufuata kidole, ya ubabaishaji inaruka. Kisha nafunga biti na kutazama ncha yake ikizunguka. Ikiyumba kama kichwa cha mlevi, narudisha.

Nani achukue ipi

Mpangaji mwenye kabati za kufunga, picha mbili na televisheni ya ukutani kwenye tofali: volti 12 yenye betri mbili inakutosha miaka. Ukifika kwenye lenta, mwite fundi mwenye SDS atoboe matundu manne ya mapazia, mlipe, usinunue mashine kubwa kwa ajili ya madirisha mawili. Na mwambie mwenye nyumba kabla.

Unayejenga na kuhamia pole pole, kila mwezi kazi mpya, leo geti, kesho rafu za jikoni: volti 18 yenye nyundo. Haifanyi jambo lolote vizuri kuliko wengine wote, ila hakuna itakalokataa kabisa isipokuwa zege zito.

Seremala wa Keko ambaye karakana yake ina umeme siku nyingi anaweza kutobolea kwa ya waya na kufungia kwa volti 12. Jozi hiyo mara nyingi ni nafuu kuliko seti moja kubwa, na umeme ukikatika kufunga kunaendelea.

Fundi bati na fundi wa kenchi: impakti, halafu drili ya volti 18 ya ukoo uleule ili betri zizunguke. Fundi jipsam: volti 12, na akiba ya vichwa vya bisibisi ya nyota vya PH2, maana hivyo vinaisha kabla ya betri.

Fundi alminiamu anayefunga fremu kwenye zege kila siku asipoteze muda na hizi nne ukutani; anunue SDS, ya waya kwanza. Jirani yangu alianza hivyo. Ya chaji aliiongeza baadaye, baada ya kuchoka kuwaomba wateja soketi.